Jina Lilibaki, Samaki Akaondoka

Nenda soko la Kakamega asubuhi uulize ngege. Mama muuzaji atakuinulia samaki mnene, magamba yanang'aa, mkia umechorwa mistari iliyosimama wima na kupangana kama fito za nyumba ya udongo kabla haijakandikwa. Mtavutana bei kidogo, atampara, atamfunga kwenye gazeti, nawe utarudi nyumbani ukijua kwamba jioni ni ugali kwa ngege.

Ngege wa kweli hana fito hizo mkiani. Mkia wake ni mtupu. Huyu uliyeuziwa asili yake ni bonde la Mto Nile na maziwa kama Turkana na Albert, na Waluo, ambao ndio waliozoea kutenganisha samaki wa ziwa kwa majina, walimpa jina lake mwenyewe alipofika: nyamami. Ngege mwenyewe alikuwa wa Ziwa Victoria na maziwa ya jirani tu. Mwingereza Michael Graham, aliyetumwa mwaka 1927 kuchunguza uvuvi wa ziwa hilo, ndiye aliyemwandika katika vitabu vya sayansi na kumpa jina la Kilatini, esculentus, maana yake anayefaa kuliwa. Ndiye samaki aliyelisha watu wa ufuoni na sisi wa bara tuliofikiwa na mizigo ya samaki waliokaushwa. Mwaka 2006 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, lilimweka katika daraja la viumbe walio hatarini mno kutoweka.

Kadiri ngege alivyopungua, jina lake lilihamia kwa mgeni. Kwa sababu hiyo hapakuwa na siku ya msiba. Mvuvi aliendelea kusema ngege, mchuuzi akasema ngege, mpishi akasema ngege, sufuria ikajaa kama kawaida. Nimefundisha biolojia katika shule za sekondari za huku kwetu kwa miaka mingi, na nasema kwa uchungu kwamba nilichelewa kuliona jambo hili. Lililonifumbua macho ni kidimbwi cha mjomba wangu.

Mjomba anakaa Iguhu, kwenye mteremko unaoshuka hadi Mto Yala. Alichimba kidimbwi chake mwaka 2010, wakati serikali ilipokuwa ikisukuma ufugaji wa samaki katika mpango wa kuchochea uchumi. Mpango ulikuwa mkubwa. Maeneo bunge 140 yalipangiwa vidimbwi 200 kila moja, kila kidimbwi kikiwa na mita za mraba 300 na kikihitaji vifaranga wapatao 1,000. Piga hesabu: vidimbwi 28,000, vifaranga milioni 28. Vituo vya kutotoleshea vifaranga vilikuwa vichache, na uhaba ukaja na wenyewe wa kuuziba. Mtu mwenye kidimbwi kimoja na wavu akawa muuza mbegu.

Mavuno ya kwanza ya mjomba yalikuwa mazuri. Watoto walilipiwa karo, na sisi wapwa tukaletewa samaki kwenye majani ya mgomba. Alipotaka kupanda mara ya pili hakusubiri foleni ya kituo. Alikuja kijana kwa bodaboda, jerikeni mbili zimefungwa nyuma, akasema ana ngege safi. Mjomba alimwuliza bei na idadi. Hakumwuliza wazazi wa vifaranga wale walitoka wapi. Nani angeuliza? Ukinunua miche ya sukumawiki huulizi babu yake.

Baada ya miezi minane samaki wengi walikuwa hawajazidi kiganja cha mkono, na kidimbwi kilikuwa kimefurika vitoto. Samaki wa jamii hii hupandana wakiwa bado wadogo, na jike hubeba mayai mdomoni hadi yaanguliwe, kwa hiyo watoto wengi huokoka. Tulipovuta wavu niliona vitu vilivyonishangaza. Wengine walikuwa na fito mkiani, wengine mikia mitupu, wengine weusiweusi wenye nukta nyeupe ubavuni, na wengine walikuwa katikati, fito zimeanza zikapotelea njiani. Mjomba aliwaita wote ngege.

Kisha masika yalikuja kwa nguvu. Usiku mmoja tuta la chini lilikatika, na kulipokucha kidimbwi kilikuwa tope tupu na alama za miguu ya korongo. Nilikwenda kumpa pole. "Mulembe, khotsa," nilimwambia. Alikuwa amekaa juu ya jembe lililolazwa. Akanijibu, "Mulembe. Usihuzunike, mwana wa dada yangu. Hasara ni yangu tu. Maji yamechukua changu, hayakuchukua cha mtu."

Ni maneno ya mtu muungwana. Kwa siku kadhaa yalinizunguka kichwani kwa sababu hayakuwa kweli, na sikujua jinsi ya kumwambia mzee wangu.

Fuata mto uone. Yala hupita ukingo wa kusini wa Msitu wa Kakamega, hushuka Iguhu, huenda zake kupitia nchi ya Wamaragoli na Gem, na kuishia kwenye Kinamasi cha Yala kabla ya Ziwa Victoria. Kinamasi hicho kilikuwa na ukubwa wa hekta zipatazo 17,500 za mafunjo. Ndani yake mna vijiziwa vitatu: Kanyaboli, Sare na Namboyo. Wakati Ziwa Victoria lenyewe lilipokuwa likimpoteza ngege, vijiziwa hivi vilimhifadhi. Mbuta, yule samaki mkubwa mla wenzake aliyeingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, hapendi maji yenye hewa kidogo kama ya ndani ya mafunjo. Mafunjo yakawa ukuta, na nyuma ya ukuta ngege akaendelea kuishi. Baadaye sehemu ya kinamasi ilikaushwa kwa kilimo, mto ukageuzwa kwa tuta na mfereji, lakini mafuriko hayasomi ramani. Tuta la mjomba wangu likikatika Iguhu, kilichotoka ndani yake kiko kwenye barabara ya maji inayoelekea kwenye moja ya nyumba za mwisho za ngege.

Ngege hakuuawa na adui mmoja, na hapa ndipo funzo lenyewe lilipo. Mwaka 1905 nyavu za kunasa kwa matundu zililetwa Ghuba ya Kavirondo ya Ziwa Victoria, na samaki walivuliwa kwa wingi ambao mitego ya matete haikuujua. Graham alipofika alikuta tayari wameanza kuadimika, akashauri matundu ya nyavu yasipungue inchi 5 ili wadogo wapite. Sheria ikawekwa, ikaja kulegezwa. Nyavu za nailoni zikafika, nyepesi na zisizooza. Na samaki walipozidi kupungua, wakuu wa uvuvi walifanya jambo ambalo kila mtu mwenye huruma angelifanya: waliongeza samaki. Nyamami aliletwa kujaza pengo. Pamoja naye wakaja jamaa zake wengine, akiwemo yule mweusi mwenye nukta nyeupe, Oreochromis leucostictus, ambaye kwao ni maziwa ya Edward, George na Albert.

Wageni hao walishindania chakula na mahali pa kutagia. Lakini walifanya na jingine, ambalo jicho halikuliona: walioana na wenyeji. Samaki hawa ni wa ukoo mmoja kwa karibu kiasi kwamba watoto wao huzaa. Ng'ombe akipandwa na nyati hatupati ndama, kwa hiyo ng'ombe hubaki ng'ombe. Ngege akipandwa na nyamami vitoto hutoka, hukua, huzaa tena, na kizazi baada ya kizazi ngege huyeyuka ndani ya mwenzake kama chumvi kwenye mchuzi. Samaki anaweza kutoweka huku kila wavu unaovutwa ukiwa umejaa watoto wake.

Ni nani basi atakayemwona aliyeyeyuka? Mkia unaweza kudanganya. Chotara wa kizazi cha tatu anaweza kuwa na mwili wa nyamami mtupu na bado akabeba urithi wa mwingine. Hapo ndipo inapohitajika kazi ya wale wanaotafuta alama ndani ya jeni, na ningependa kila mfugaji wa samaki wa Kakamega aielewe kazi hiyo, kwa kuwa inaelezeka kwa ngoma zetu wenyewe.

Chukua isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mpigaji ana mahali ambapo hurudia pigo lilelile: dum-ta, dum-ta, dum-ta. Tuseme ukoo huu hurudia mara kumi na moja kabla ya kugeuza, ukoo ule mara kumi na nne. Wimbo ni mmoja, wachezaji hawajali, lakini mwenye sikio anajua mpigaji amefundishwa na nani. Katika maandishi ya urithi ya samaki pia mna mahali ambapo herufi mbili au tatu hurudiwarudiwa. Idadi ya marudio hutofautiana, na kila samaki hupokea fungu moja kwa baba na jingine kwa mama. Mtafiti hukata kipande cha pezi kisichozidi ukucha, hukitia katika spiriti, na samaki hurudishwa majini akiwa hai. Maabara hutafuta maneno yaliyo pembeni mwa pigo, hukinakili kipande cha maandishi kilicho katikati yake mara mamilioni kwa mashine, kisha hupima urefu wake. Urefu ndio idadi ya mapigo.

Mahali pamoja hapatoshi. Nyamami na ngege wanaweza kulingana hapo kwa bahati. Kwa hiyo kutengeneza alama ni kupekua mahali pengi, kutupa pale ambapo aina zote mbili hupiga sawa, na kubakiza pale ambapo hutofautiana. Huwezi kufanya hivyo bila samaki ambao una hakika nao: ngege ambaye hajachanganyika, na nyamami ambaye hajachanganyika. Wao ndio kielelezo. Kila msimu wa mafuriko unaopita, kielelezo chenyewe kinazidi kuchakaa. Ngege safi wakiisha kabla ya alama zao kuandikwa, itabaki kulinganisha na samaki wa zamani waliolowekwa kwenye chupa za makumbusho, na dawa ya formalini iliyohifadhi miili yao huharibu maandishi yaliyomo ndani yake. Nikifikiria hilo napata haraka ambayo sikuwa nayo ujanani.

Kuna maandishi mengine ya urithi, madogo, yanayokaa nje ya kiini cha seli. Hayo hutoka kwa mama peke yake. Huku kwetu ukoo hufuata baba, na bibi anayeletwa kutoka mbali jina la ukoo wake hupotea midomoni mwa vitukuu. Maandishi haya hufanya kinyume. Yanamkumbuka bibi, na bibi wa bibi, hata kama uso wake hauonekani tena kwa mtu yeyote wa nyumbani.

Ni haya yaliyofichua habari ya Loboi. Karibu na Ziwa Bogoria, kwenye Kinamasi cha Loboi, mna chemchemi za maji moto. Wataalamu, Dkt. Dorothy Nyingi wa Makavazi ya Taifa ya Kenya akiwa miongoni mwao, waligundua humo nyamami wa asili, ambao hawakuletwa na mtu, wanaoishi katika maji yenye joto kali. Samaki kama hao ni hazina kwa dunia inayozidi kupata joto. Mwaka 2014 uchunguzi wa chemchemi tatu ulichapishwa, ukitumia alama 16 za mapigo pamoja na yale maandishi ya mama. Habari njema ilikuwa kwamba kila chemchemi ina samaki wake, tofauti na wa chemchemi jirani iliyo karibu, na urithi wao ni mpana kama wa maziwa makubwa. Habari mbaya ilikuwa kwamba katika chemchemi zote tatu walikutwa samaki wenye mwili wa nyamami lakini maandishi ya mama ya leucostictus. Watafiti walitaja chanzo kinachoelekea zaidi kuwa ni ufugaji wa samaki uliokuwa umeongezeka katika bonde la Loboi.

Niliposoma hayo nilikumbuka zile nukta nyeupe kwenye wavu wa mjomba.

Na Yala? Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno pamoja na wenzao wa Konstanz, Ujerumani, walichapisha matokeo ya kulinganisha ngege na nyamami wa kinamasi hicho kwa alama za aina hizohizo. Ngege wa Yala bado alikuwa na urithi wake wa pekee unaostahili kulindwa. Dalili za mgeni kuingia katika urithi huo nazo zilikuwepo. Sentensi hizo mbili zinatakiwa kusomwa pamoja. Anayesoma ya kwanza tu atalala. Anayesoma ya pili tu atakata tamaa aseme yameshaharibika. Kutoka bonde la Pangani, kaskazini mwa Tanzania, imekuja habari ya kutia moyo: uchunguzi wa wenyeji na wageni wa jamii hii, ambao Watanzania huwaita perege, ulikuta mchanganyiko mdogo kuliko ilivyohofiwa. Kumbe alama hizi hazikuundwa kutoa hukumu ya kifo tu. Zinaweza pia kusema, hapa bado pasafi, pachungeni.

Wapo watakaosema tumbo kwanza, ngege baadaye. Siwadharau, nimekula samaki wa mjomba na karo imelipwa kwa samaki hao. Lakini tazameni jinsi kidimbwi kile kilivyokula fedha zake. Leucostictus ni samaki wa umbo dogo, mwepesi wa kuzaa. Akiingia katika mbegu, mfugaji analisha chakula cha bei kwa miezi minane ili avune viganja. Na wale nyamami walioboreshwa wanaosifika duniani, walioanza kuchaguliwa Ufilipino miaka ya mwisho ya 1980, miongoni mwa wazazi wao wa mwanzo walikuwemo samaki wa porini waliokusanywa Misri, Ghana, Senegali na hapa Kenya, Ziwa Turkana. Bila mito na maziwa yenye samaki wa asili waliokuwa bado hawajavurugwa, uboreshaji ule ungekosa sehemu kubwa ya mbegu yake. Anayechafua mbegu ya mto anachoma ghala atakalotaka kulifungua kesho.

Kwa hiyo nilirudi Iguhu, nikamweleza mjomba, nikianza na ngoma kwa sababu yeye alikuwa mpigaji. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Sasa wale wangu walikuwa akina nani?"

Sikuwa na jibu. Kipande cha pezi hakikukatwa. Kijana wa bodaboda hakuacha risiti wala jina, na namba yake ya simu ilikuwa imekwisha kufa. Samaki wote walikuwa wamekwenda na maji. Kama baadhi yao walifika kwenye mafunjo, wanajua wao.

Mjomba hakuacha kufuga, na sikumwomba aache. Alichimba upya, mbali zaidi na kijito, tuta la chini akalipandisha na kulishindilia kwa miguu ya wajukuu. Kwenye bomba la kutolea maji alifunga wavu wa waya wenye matundu ambayo kifaranga hapiti. Safari hii alisafiri mwenyewe hadi kituo cha kutotoleshea, akaomba aonyeshwe wazazi, akasimama kando ya tangi akitazama mikia mmoja mmoja hadi mhudumu akamletea kiti. Alichagua vifaranga madume watupu, wasije wakajaza kidimbwi vitoto.

Nilimkuta jioni ile amekaa mlangoni na daftari la mjukuu, kalamu imekwama hewani. Alikuwa amechora mistari kwa rula. Tarehe aliijaza. Mahali vifaranga walikonunuliwa, idadi, na jina la mhudumu, yote alijaza kwa herufi kubwa za mtu aliyeacha shule mapema. Safu ya mwisho aliiandika Aina. Akanigeukia.

"Hapa niandike ngege?"

Nilimwambia kwa mkia tunaweza kusema nyamami, na kwa yaliyo ndani hatuwezi kusema mpaka wapimwe. Akafikiri kidogo. Kisha akaandika nyamami, na mbele yake, kwa herufi ndogo zaidi, akaongeza: hajapimwa bado.